Daktari, Shujaa na Mjadala: Asili na Maana za Neno "Uisa" katika Kikorea

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya umbo moja la Kikorea, uisa, ambalo hubeba maana kadhaa zisizohusiana: daktari, shujaa aliyejitoa kwa ajili ya haki, mjadala wa baraza, nia ya mtu na hali ya kufanana na kitu kisichothibitishwa. Maana hizo zote zinatokana na maneno ya asili ya Kichina yaliyoandikwa kwa herufi tofauti na, hapo kale, kutamkwa kwa sauti tofauti. Makala inaonesha kwamba mfanano huo wa sauti ulikuwepo kabla ya Wakorea kuacha kuandika kwa herufi za Kichina, na kwamba hatari yake haimo katika mazungumzo ya kila siku. Imo katika sehemu ambazo muktadha umekatika: jina la cheo, kibao cha jengo, kichwa cha habari na kifungu cha sheria. Hoja ya msingi ni kuwa tatizo la homonimu linatatuliwa vizuri zaidi na waundaji wa istilahi kuliko na wabadilishaji wa hati.

Istilahi za msingi: homonimia, hanja, Hangul, sera ya lugha, istilahi

1. Utangulizi

Juu ya mlima Namsan, katikati ya jiji la Seoul, lipo jengo la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 1970 na kujengwa upya mwaka 2010. Jina lake rasmi ni An Jung-geun Uisa Ginyeomgwan. Mtu anayejua historia ya Korea hulisoma kuwa Jumba la Kumbukumbu la Shujaa An Jung-geun. Mtoto wa shule ambaye hajafundishwa habari za shujaa huyo anaweza kulisoma kuwa Jumba la Kumbukumbu la Daktari An Jung-geun, na hakuna kitu katika kibao chenyewe kitakachomsahihisha. Herufi ni zilezile, matamshi kwa Wakorea wengi wa leo ni yaleyale, na hata mpangilio wa maneno haumsaidii, kwa kuwa Kikorea huweka cheo baada ya jina: daktari mwenye jina la ukoo Kim huitwa Kim uisa.

Kutojua kwa namna hiyo kumekuwa kukitajwa mara nyingi katika mjadala wa sera ya lugha nchini Korea Kusini. Wanaotaka herufi za Kichina zirejeshwe darasani hulitaja kama ushahidi kuwa taifa limepoteza ufunguo wa msamiati wake. Wanaotetea hati ya Hangul peke yake hujibu kwamba mtoto huyo amekosa somo la historia, wala hakukosa herufi. Ili kupima hoja za pande zote mbili, ni lazima kwanza kujua uisa ngapi zipo, zilitoka wapi, na zilikutana lini katika umbo moja.

2. Uisa ngapi?

Zaidi ya nusu ya vidahizo katika kamusi kubwa za Kikorea ni maneno ya asili ya Kichina. Kila neno la aina hiyo linaweza kuandikwa kwa hanja, yaani herufi za Kichina kama zinavyotumiwa na kusomwa na Wakorea. Chini ya umbo uisa, kamusi hutoa orodha ndefu. Yanayotumika zaidi ni haya.

La kwanza ni 醫師, daktari. Herufi ya kwanza ina maana ya tiba na ya pili ina maana ya bingwa au mwalimu. La pili ni 義士, mtu wa haki: herufi ya kwanza ni haki au wajibu wa kimaadili, ya pili ni muungwana msomi au askari. La tatu ni 議事, kujadili mambo barazani. Ndilo linalosikika katika jina la jengo la Bunge la Korea Kusini, Gukhoe Uisadang, lililokamilika mwaka 1975 katika kisiwa cha Yeouido. La nne ni 意思, nia au azma, ambalo ni nguzo ya sheria ya mikataba: tamko la nia huitwa uisa pyosi. La tano ni 擬似, lenye maana ya kufanana na kitu bila kuwa kitu chenyewe, ambalo katika tiba hutumika kwa mgonjwa anayeshukiwa. Lipo pia 義死, kufa kwa ajili ya haki, ambalo linapatikana katika istilahi ya kisheria uisaja: raia aliyepoteza maisha akimwokoa mwenzake, ambaye familia yake hustahili heshima na msaada wa serikali.

Maneno haya hayana umri mmoja. Neno 醫師 ni la kale sana. Linapatikana katika kitabu cha Kichina Zhouli, kinachoeleza ofisi za ufalme wa Zhou, likiwa jina la afisa msimamizi wa mambo ya tiba. Neno 義士 nalo ni la vitabu vya kale vya historia na maadili ya Kichina. Matumizi ya kisheria ya 意思, kinyume chake, ni ya juzi: wanasheria wa Japani wa karne ya 19 walilichagua neno la zamani ili kutafsiri dhana za sheria ya kiraia ya Ulaya, hasa ya Ujerumani, na Korea ikalipokea pamoja na mfumo mzima wa sheria. Kwa hiyo uisa ni jina la tabaka kadhaa za historia zilizolaliana. Si neno moja lililotanua maana yake, na ndiyo maana wanaisimu huliweka katika homonimia na si katika polisemia.

3. Jinsi sauti zilivyokutana

Wakorea walipopokea msamiati wa Kichina, hasa katika karne za enzi ya Tang na kabla yake, maneno haya hayakuwa na sauti moja katika lugha chanzi. Katika Kichina cha wakati huo, herufi 醫 na 意 zilianza kwa mbano wa koromeo, ilhali 義, 議 na 擬 zilianza kwa nazali ya kaakaa laini, yaani sauti inayosikika mwanzoni mwa neno la Kiswahili ng'ombe. Katika silabi ya pili tofauti zilikuwa nyingi zaidi: 師, 士, 事, 思, 似 na 死 ziligawanyika baina ya konsonanti ghuna na zisizo ghuna, na baina ya zile zilizotamkwa kwa ncha ya ulimi kurudishwa nyuma na zile za meno. Juu ya hayo yote palikuwa na toni.

Mfumo wa sauti wa Kikorea haukuwa na nafasi ya tofauti hizo. Kikorea hakitofautishi ghuna na isiyo ghuna kama Kichina cha kale kilivyofanya, hakina konsonanti za ulimi kurudishwa nyuma, na hakikubali sauti ng' mwanzoni mwa neno. Toni za Kichina nazo hazikuendelea kutenganisha maneno. Matokeo yake, herufi tano zenye sauti mbalimbali zikasomwa ui, na herufi sita zenye sauti mbalimbali zikasomwa sa. Herufi zilizokuwa jirani kwa mbali zikawa pacha.

Wasomi wa Korea waliliona jambo hili mapema. Mfalme Sejong alibuni hati ya Hangul mwaka 1443 na kuitangaza mwaka 1446. Muda mfupi baadaye wasomi wa baraza lake walitunga kamusi ya vina iitwayo Dongguk Jeongun, iliyokamilika mwaka 1447, kwa lengo la kusahihisha matamshi ya Kikorea ya herufi za Kichina. Katika kamusi hiyo, 醫 na 義 ziliandikwa kwa alama tofauti za mwanzo, moja ya mbano wa koromeo na nyingine ya ng'. Tahajia hiyo ilikuwa ya kinadharia; haikuakisi vinywa vya watu, na baada ya miongo michache iliachwa. Tukio hilo lina uzito kwa mjadala wa leo. Linaonesha kwamba karibu miaka 600 iliyopita, wakati maandishi yote ya dola yalikuwa bado ya herufi za Kichina, mfanano wa sauti ulikuwa umekwisha kutokea, na kwamba amri kutoka ikulu haikuweza kuutengua.

Mabaki ya tofauti za zamani yapo katika urefu wa irabu. Matamshi sanifu ya Korea Kusini yanataka ui ya 義士 iwe ndefu na ya 醫師 iwe fupi. Lakini tofauti hiyo haioneshwi katika tahajia, na vijana wengi wa leo hawaitamki wala hawaisikii.

Ulinganisho na majirani unasaidia kupima uzito wa sauti na uzito wa hati. Katika Kijapani, daktari ni ishi, mtu wa haki ni gishi, na mjadala wa baraza ni giji. Sauti ng' ya Kichina iligeuka g, hivyo tofauti ya zamani ikahifadhiwa. Hata hivyo nia nayo ni ishi, sawa na daktari. Katika Kichina sanifu cha leo, toni hutenganisha yīshī na yìshì, lakini mtu wa haki na mjadala wa baraza vyote ni yìshì. Vietnam ndiyo yenye somo kubwa zaidi. Matamshi ya Kivietnam ya herufi hizo ni y sư, nghĩa sĩ, nghị sự na ý tư: yote manne yako mbali. Vietnam iliachana na herufi za Kichina na kuchukua hati ya Kilatini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na kwa maneno haya haikupata mkanganyiko. Nchi mbili zilifanya uamuzi wa hati unaofanana, na matokeo yakatofautiana kwa sababu lugha zao zilikuwa zimehifadhi viwango tofauti vya sauti.

4. Uisa wa tiba: silabi yenye cheo

Katika enzi ya Joseon, tabibu kwa kawaida hakuitwa uisa bali uiwon, 醫員. Neno hilo nalo lina mapacha wake: 議員, mjumbe wa bunge, na 醫院, zahanati. Neno uisa lilipata nguvu ya kisheria pamoja na tiba ya Kimagharibi. Hospitali ya kwanza ya kifalme ya tiba hiyo ilifunguliwa Seoul mwaka 1885, na mwaka 1908 wahitimu saba wa chuo kilichotokana nayo walipewa vyeti vya serikali vya kufanya kazi ya tiba.

Baada ya Japani kuitwaa Korea mwaka 1910, utawala wa kikoloni ulitoa kanuni mbili mwaka 1913. Waliosomea tiba ya Kimagharibi waliitwa uisa, 醫師. Matabibu wa jadi waliitwa uisaeng, 醫生, jina lenye herufi inayotumika kwa mwanafunzi. Wazee waliotibu watu kwa miaka mingi wakajikuta, kwa kalamu ya serikali, wamekuwa wanagenzi. Sheria ya tiba ya Korea Kusini ya mwaka 1951 iliwarudishia hadhi kwa kuwaita hanuisa, 漢醫師, yaani madaktari wa tiba ya Kichina. Herufi ya bingwa ilirejea, lakini ya kwanza ilitaja nchi nyingine kama chimbuko la elimu yao.

Mwaka 1986 sheria ilirekebishwa: 漢醫師 ikawa 韓醫師. Herufi ya kwanza sasa ilikuwa ile ya jina la Korea. Kwa msomaji wa hanja, taaluma nzima ilikuwa imehama kutoka urithi wa Kichina kwenda urithi wa taifa. Kwa msomaji wa Hangul, hakuna kilichobadilika, kwa sababu maneno yote mawili huandikwa na kutamkwa hanuisa. Ni nadra kupata badiliko la kisheria lenye uzito wa utambulisho ambalo halionekani kabisa katika hati inayosomwa na wananchi wengi. Homonimia hapa iliwafaa waliotaka badiliko: kibao cha mlangoni hakikuhitaji kupakwa rangi upya.

Silabi sa nayo ina historia yake ya tabaka. Daktari na mwalimu huandikwa kwa 師, wakili kwa 士, jaji na mwendesha mashtaka kwa 事. Mwenye kusoma hanja aliona aina tatu za vyeo. Katika Hangul zote ni sa, na katika lugha ya mtaani Wakorea husema juu ya kazi "zenye sa" wakimaanisha kundi moja la kazi za heshima na kipato ambazo wazazi huwaombea watoto wao. Kufutika kwa tofauti ya herufi kumezaa dhana mpya ya kijamii ambayo isingezaliwa kwa urahisi katika hati ya zamani.

5. Uisa wa haki: jina la mtu aliyenyongwa

An Jung-geun alizaliwa mwaka 1879 Haeju. Alikuwa Mkatoliki, alianzisha shughuli za elimu, kisha akajiunga na mapambano ya silaha dhidi ya Wajapani. Tarehe 26 Oktoba 1909, katika kituo cha reli cha Harbin, alimpiga risasi na kumuua Itō Hirobumi, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa utawala wa Japani nchini Korea baada ya mkataba wa ulinzi wa mwaka 1905. Alihukumiwa na mahakama ya Kijapani na kunyongwa gerezani Lushun tarehe 26 Machi 1910. Mbele ya mahakama alidai kuwa alitenda akiwa kiongozi wa uibyeong, majeshi ya haki, na hivyo atendewe kama mateka wa vita. Mahakama ilimhukumu kama muuaji wa kawaida.

Kwa hiyo kumwita uisa ni kutoa hukumu nyingine. Herufi 義 katika 義士 ni ileile iliyomo katika 義兵, uibyeong. Jina la cheo linarudia utetezi wake: kwamba kitendo chake kilitokana na haki ya taifa. Anayelisoma neno hilo na kulielewa husikia rufaa ya kesi ya mwaka 1910. Anayelisikia kama daktari hupoteza rufaa yote.

Mapokeo ya kumbukumbu nchini Korea Kusini hutenganisha uisa na yeolsa, 烈士. Kwa maelezo yaliyozoeleka, uisa ni aliyetumia silaha, na yeolsa ni aliyepinga kwa mikono mitupu na kufa kwa ajili ya msimamo wake. Ndiyo maana Yun Bong-gil, aliyerusha bomu Shanghai tarehe 29 Aprili 1932, ni uisa, na Yu Gwan-sun, msichana wa shule aliyefia gerezani mwaka 1920 baada ya maandamano ya Machi 1919, ni yeolsa. Katika bustani ya Hyochang, Seoul, lipo kaburi la Mauisa Watatu: Yi Bong-chang, Yun Bong-gil na Baek Jeong-gi, ambao mabaki yao yalirejeshwa kutoka Japani na kuzikwa mwaka 1946. Kando yao limetengwa kaburi tupu la An Jung-geun, ambaye mabaki yake hayajapatikana hadi leo. Neno yeolsa halina pacha maarufu wa kulichanganya. Uisa ndilo lililokosa bahati ya kugongana na taaluma inayotajwa kila siku katika kila nyumba.

6. Hati, sheria na mahakama

Hatua ya kwanza rasmi ya kuinua Hangul ilikuwa katika mageuzi ya mwaka 1894, yaliyoagiza nyaraka za dola zitumie maandishi ya taifa kama msingi. Miaka miwili baadaye gazeti Tongnip Sinmun lilitoka likiwa limeandikwa kwa Hangul peke yake. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 magazeti na sheria ziliendelea kuchanganya hati mbili: maneno ya Kichina kwa hanja, viambishi na maneno ya asili kwa Hangul.

Baada ya ukoloni, Korea Kusini ilipitisha Sheria Na. 6 ya tarehe 9 Oktoba 1948, iliyotaka nyaraka za serikali ziandikwe kwa Hangul, huku ikiruhusu hanja kuwekwa kando kwa muda pale inapohitajika. Mwaka 1972 serikali ilipanga hanja 1,800 za kufundishwa katika shule za sekondari. Mwaka 1988 lilianzishwa gazeti la Hankyoreh, gazeti la kila siku la kitaifa lililoachana na hanja na kuandikwa kwa mlalo tangu toleo la kwanza. Magazeti mengine yakafuata njia hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 2005 Sheria ya Msingi ya Lugha ya Taifa ilichukua nafasi ya sheria ya 1948 na kuthibitisha Hangul kuwa hati ya nyaraka za umma.

Mwaka 2012 kundi la wananchi, wakiwemo wazazi na wasomi, lilifungua shauri katika Mahakama ya Katiba likidai kwamba kuondolewa kwa hanja kunawanyima watu uwezo wa kuelewa lugha yao. Uamuzi ulitolewa tarehe 24 Novemba 2016. Kuhusu kifungu cha nyaraka za umma, majaji wote tisa walikubaliana kwamba hakikiuki katiba. Walieleza kuwa maana ya maneno mengi ya asili ya Kichina hueleweka kwa muktadha hata bila kujua hanja. Kuhusu kuiacha hanja kuwa somo la hiari shuleni, majaji waligawanyika watano kwa wanne. Mgawanyiko huo unaonesha mahali ambapo jamii yenyewe imegawanyika: si juu ya barua ya serikali, bali juu ya darasa. Mpango wa wizara ya elimu, uliotangazwa mwaka 2014, wa kuweka hanja katika vitabu vya shule za msingi nao ulipingwa vikali na hatimaye uliachwa kabla ya kutekelezwa.

7. Pale muktadha unapokatika

Hoja ya mahakama kuhusu muktadha ni sahihi kwa sentensi kamili. Hakuna Mkorea anayeambiwa "niende kwa uisa, tumbo linauma" akafikiri anaelekezwa kwa mpigania uhuru. Lakini lugha ya dola haiishi katika sentensi kamili tu. Huishi pia katika vichwa vya habari, fomu, mabango na majina ya vyeo, ambako neno husimama karibu peke yake.

Mfano mzito zaidi unatoka katika afya ya umma. Sheria ya Korea Kusini ya kuzuia na kudhibiti magonjwa ya kuambukiza hufafanua gamyeombyeong uisa hwanja kuwa mtu anayeshukiwa kuingiwa na vimelea vya ugonjwa lakini hajathibitishwa kuwa mgonjwa. Uisa hapa ni 擬似. Lakini hwanja ni mgonjwa, na uisa hwanja, likisikika bila maandishi, ni pia "mgonjwa daktari". Mwaka 2015, ugonjwa wa MERS ulipoingia Korea Kusini na kuwapata watu 186, ambao 38 kati yao walifariki, miongoni mwa walioambukizwa walikuwemo wahudumu wa afya, na daktari akiwamo. Kwa hiyo maana zote mbili zilikuwa na mtu halisi wa kutajwa. Katika taharuki ya aina hiyo, msikilizaji wa redio anayejiuliza kama daktari wa hospitali fulani ameambukizwa, au kama kuna mtu anayeshukiwa tu, hana wakati wa kufungua kamusi.

Tiba ya tatizo hili haikutoka kwa hanja. Vyombo vya habari na watu wa kawaida walizidi kutumia uisim hwanja, mgonjwa wa kushukiwa, ambapo uisim, 疑心, ni neno la kila siku lenye maana ya shaka. Linatoka pia katika hanja, lina pia silabi ui, lakini halina pacha wa kulivuruga. Mwezi Machi 2020, katika janga la COVID-19, marekebisho ya sheria yaliongeza kundi jipya la watu, wakiwemo waliokutana na wagonjwa, na jina lililochaguliwa lilikuwa uisimja, mtu wa kushukiwa. Istilahi ya zamani ilibaki katika kifungu chake, lakini kundi jipya lilipewa jina ambalo sikio linalipokea bila msaada wa jicho.

8. Maana yake kwa wapangaji wa istilahi

Kiswahili kinalijua tukio la aina hii kwa kiwango kidogo. Neno sura lina maana ya uso au umbo, na pia sehemu ya kitabu. Katika Kiarabu maneno hayo mawili huanza kwa sauti tofauti na herufi tofauti, صورة na سورة; Kiswahili hakitofautishi sauti hizo, na hati ya Kilatini haina herufi ya kuzitenga. Hakuna aliyedai kwamba Waswahili warudi kwenye hati ya Kiarabu kwa ajili ya neno sura, kwa sababu "sura ya pili" na "sura nzuri" hujitenga zenyewe. Hali ya Kikorea ni nzito zaidi kwa wingi wa maneno, si kwa aina ya tatizo.

Kutokana na historia ya uisa, mambo matatu yanajitokeza kwa wanaounda istilahi. La kwanza, istilahi mpya ijaribiwe kwa sikio kabla ya kupitishwa: isomwe kwa sauti mbele ya watu wasiojua chimbuko lake, hasa ikiwa itatumika katika afya, sheria au usalama. La pili, jina la kumbukumbu haliwezi kujifundisha lenyewe. Kibao cha Namsan kinategemea somo la historia, na herufi yoyote ile isingechukua nafasi ya mwalimu. La tatu, badiliko la istilahi lisiloonekana kwa wananchi, kama lile la hanuisa mwaka 1986, linaweza kuwa na faida za amani, lakini huwanyima wananchi nafasi ya kujua kwamba jambo limebadilishwa kwa niaba yao.

9. Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba uisa ni makutano ya maneno yaliyotoka mbali: ofisi ya tiba ya Uchina ya kale, maadili ya waungwana, mabaraza ya kisasa, sheria za Ulaya zilizopitia Japani, na lugha ya maabara. Yalikutana katika matamshi ya Kikorea kabla ya Hangul kubuniwa, na Hangul iliandika kwa uaminifu kile ambacho vinywa vilikuwa vimekwisha kukifanya. Hanja iliuficha mkutano huo machoni mwa wachache waliojua kusoma; haikuuzuia masikioni mwa wengi.

Hata hivyo, wanaolalamikia mkanganyiko hawalalamikii hewa. Kati ya mgonjwa anayeshukiwa na daktari aliyeambukizwa kuna tofauti ya kisera, na kati ya daktari na mtu aliyenyongwa Lushun kuna tofauti ya kumbukumbu ya taifa. Tofauti ya kwanza ilipata suluhisho pale mamlaka zilipochagua neno bora. Ya pili haina neno mbadala, kwa sababu 義士 ndilo jina lililobeba utetezi wa An mbele ya historia. Kulibadilisha ni kulipoteza; kulihifadhi kunadai kwamba kila kizazi kisimuliwe upya kwa nini mtu huyo aliitwa uisa.